Nani Alimwona Msichana wa Bwaloni?

Mwezi huu nimekuja na kesi, na hakimu ni wewe.

Kesi ilianzia sebuleni kwangu, Jumamosi jioni. Tulikuwa watu sita: mimi na mwenzangu, rafiki yangu wa siku nyingi na mumewe wa miaka mitatu, na wachumba wawili ambao kadi zao za harusi zimeshatoka kiwandani. Pilau tayari, kachumbari tayari, soda za baridi ziko mezani. Mmoja wetu akasema, jamani, leo tusiangalie filamu za kupigana, tuwekeni ya wanachuo, tucheke kidogo na kukumbuka enzi zetu za hosteli. Wote tukaitikia, heee! Ikawekwa The Rules of Attraction, filamu ya Kimarekani ya mwaka 2002.

Dakika 110 baadaye hakuna aliyekumbuka pilau. Wawili walikuwa wanabishana kwa sauti ya mpirani. Wawili wamenuna. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa ameshatoka zamani, kakaa barazani peke yake. Na mimi mwenye nyumba nilikuwa nimekaa na sahani mkononi, sijui nimwendee nani.

Kama hujaiona na hupendi kusimuliwa mwisho, funga ukurasa huu, kaitafute, kisha urudi. Ila nakuonya mapema, si ya kuangalia na wakwe wala watoto.

Kila mtu anamtazama asiyemtazama

Hadithi inatokea Camden, chuo kidogo cha watoto wa wenye nazo huko kaskazini mashariki mwa Marekani. Usikitafute kwenye ramani, ni chuo cha kubuni. Mwandishi Bret Easton Ellis, ambaye mwenyewe alisoma Chuo cha Bennington katika jimbo la Vermont, alikitumia kwenye riwaya yake ya mwaka 1987 yenye jina hilohilo. Aliyeigeuza riwaya kuwa filamu ni Roger Avary, aliyeandika muswada na kuongoza pia. Huyu ndiye aliyegawana tuzo ya Oscar na Quentin Tarantino mwaka 1995 kwa kazi ya Pulp Fiction, kwa hiyo si mtu wa kubahatisha.

Sasa sikiliza mkanganyiko wenyewe. Paul, kijana mtanashati anayependa wanaume wenzake, amemzimikia Sean. Sean, muuza dawa za kulevya wa pale chuoni mwenye madeni hadi shingoni, amemzimikia Lauren. Lauren ni bikira na anajitunza kwa ajili ya Victor, ambaye yuko Ulaya anakula bata. Na Victor? Victor anamzimikia Victor. Anaporudi na Lauren kumwendea chumbani kwa moyo unaodunda, mwenzake hata hamkumbuki. Dada wa watu kasubiri muhula mzima, anaulizwa, kwani wewe ni nani?

Katikati ya vurugu hilo, Sean anaanza kukuta barua kwenye kisanduku chake cha posta pale chuoni. Bahasha za zambarau, maneno ya mapenzi, jina hakuna. Anazisoma, anatabasamu, na anaamua mwenyewe kwamba zinatoka kwa Lauren. Hakuuliza. Hakulinganisha hata mwandiko. Alitaka ziwe za Lauren, basi zikawa za Lauren.

Hazikuwa zake. Zilikuwa za msichana anayegawa chakula bwaloni, ambaye filamu haitupi hata jina lake. Usiku mmoja kwenye sherehe anamwona Sean akiondoka na msichana mwingine, Lara, anayekaa chumba kimoja na Lauren. Msichana wa bwaloni anarudi kwake na kujiua. Na hii, mpenzi msomaji, ndiyo filamu tuliyokaa kuitazama ili tucheke.

Sebule ikagawanyika

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa mume wa rafiki yangu. Yeye ni mtu wa stelingi. Anataka kujua tangu dakika ya kumi nani mwema, nani adui, na mwisho adui apate chake. "Sasa hapa stelingi ni nani?" alifoka. "Mimi nimpende nani humu? Wote walevi, wote waongo, hakuna hata mmoja ningemkaribisha nyumbani kwangu!"

Ukweli usemwe, hayuko peke yake. Anayeigiza Sean ni James Van Der Beek, ambaye wengi walimjua kama Dawson wa Dawson's Creek, tamthilia ya vijana iliyoonyeshwa kuanzia 1998 hadi 2003. Dawson alikuwa kijana wa kuchumbiwa, mpole, machozi yako karibu. Watu walizoea sura ile, halafu ghafla wanaikuta inamkodolea macho mtu kama mnyama anayewinda. Yumo Jessica Biel pia, yule binti wa mchungaji katika 7th Heaven, safari hii akiwa Lara asiye na habari na mchungaji yeyote. Yumo hata Thomas Ian Nicholas wa American Pie, filamu ya mwaka 1999 iliyowafundisha vijana wengi kwamba habari za shule na ngono ni vicheko tu na mwisho kila mtu anakumbatiana. Aliyeingia akitegemea American Pie nyingine alitoka ametapeliwa.

Kambi ya pili ilikuwa ya mwenzangu. Huyu hutazama filamu kama fundi anavyotazama kabati la fundi mwingine: anapitisha mkono kwenye maungio. Alipagawa. Filamu inaanza na sherehe ya mwisho wa muhula, inatuonyesha usiku wa Lauren, kisha picha zinarudishwa nyuma, watu wanatembea kinyumenyume, tunaanza upya na Paul, zinarudi tena, tunaanza na Sean. Sherehe moja, mioyo mitatu, na hakuna anayejua yanayompata mwenzake hatua chache pembeni.

Halafu kuna kipande ambacho mwenzangu alikirudia mara mbili. Ni Jumamosi asubuhi. Kioo kimegawanyika katikati: upande huu Sean anaelekea darasani, upande ule Lauren naye anakwenda darasa hilohilo. Wote wamesahau kwamba Jumamosi hakuna kipindi. Wanakutana kwenye ujia, wanaongea, kila mmoja akiwa bado kwenye nusu yake. Kisha zile nusu mbili zinaungana polepole na kuwa picha moja, wakiwa wamesimama uso kwa uso. Nakubali, ni kitu kizuri. Ukiwahi kupenda utaelewa bila kufafanuliwa. Na safari ya Victor Ulaya imepitishwa kwa dakika chache tu, miji, vilabu na wasichana wakipita mbio hadi kizunguzungu, naye anasimulia kwa sauti ya mtu aliyechoka na kila kitu.

Kambi ya tatu ilikuwa ya rafiki yangu, na huyu hakufoka. Alisema taratibu, "Mimi siwezi kucheka hapo." Alikuwa na hoja nzito. Katika dakika za mwanzo kabisa, Lauren, akiwa amelewa hadi hajitambui, anabakwa na mtu asiyemjua huku kijana mwingine akirekodi kwa kamera. Na tukio lile limepambwa kwa mzaha. Baadaye kuna daktari anayesisitiza kwamba kijana aliyezidisha dawa za kulevya amekufa, ilhali kijana yuko hai mbele yake. Hapo alicheka kidogo, akajilaumu. La kwanza hakulicheka na hakuwasamehe waliocheka. "Kuna kuchekesha kwa machungu," alisema, "na kuna kumcheka mtu anayeumia. Huyu mwongozaji anavichanganya."

Bwana harusi mtarajiwa yeye alikuwa kambi ya nne, kambi ya peke yake. Alikuwa amecheka mwanzo mwisho. Sean anapojaribu kujiua kwa sababu Lauren amemkataa, hafanikiwi, anaanguka kama gunia la mkaa. Bwana harusi alipiga makofi. "Acheni kujifanya watakatifu," alituambia. "Kwani nyie hamkusoma chuo? Ndivyo tulivyokuwa. Mimi nimeipenda kwa sababu haidanganyi." Ni wakati anacheka kipande kile ndipo mchumba wake aliponyanyuka na kwenda barazani.

Hata Marekani walikunjiana mashati

Usidhani ugomvi huu ni wa sebuleni kwangu tu. Filamu ilipotoka Oktoba 2002, wahakiki wa Marekani waligawanyika karibu nusu kwa nusu. Kundi moja likasema ni ya kijasiri, lingine likasema ni uchafu uliopigwa picha vizuri. Ili mradi ipate daraja linaloruhusu kuonyeshwa kwenye majumba ya kawaida, ilibidi ipunguzwe. Hata bango lake lilizua kelele, kwa kuwa lilionyesha wanasesere wa manyoya wakifanya mambo ambayo wanasesere hawafanyi. Imetengenezwa kwa fedha ndogo kwa viwango vya Hollywood, kama dola milioni 4, na nchini mwao ilikusanya kama milioni 6 na nusu. Haikufilisi mtu, lakini haikumtajirisha mtu pia.

Hata hivyo haikufa. Miaka imepita, na bado kuna watu wanaoiweka usiku mbele ya marafiki na kuharibu pilau za watu. Ellis mwenyewe, ambaye vitabu vyake kadhaa vimefanywa filamu, American Psycho ya mwaka 2000 ikiwamo, amewahi kusema kwamba hii ndiyo iliyokaribia zaidi jinsi yeye anavyoyaona mambo. Na kwa taarifa yako, Sean huyu wa Camden ni mdogo wake Patrick Bateman, yule muuaji mwenye suti wa American Psycho. Ukoo wa kuogopwa!

Swali lililotunyamazisha

Nilikuwa najiandaa kusuluhisha kwa kugawa pilau ndipo bibi harusi mtarajiwa alipoingia kutoka barazani. Macho mekundu, sauti kavu. Akauliza swali moja tu: "Kabla hajafa, nani kati yenu alikuwa amemwona yule msichana?"

Kimya.

Mwenzangu, anayeona kila ungio la kabati, hakumwona. Mtu wa stelingi hakumwona. Rafiki yangu aliyewatetea wanawake wote wa filamu ile hakumwona. Mimi mhariri, ninayelipwa kuona makosa ya watu, sikumwona. Wote tulidhani barua ni za Lauren au tulikuwa tunangoja tuambiwe. Alipoonyeshwa anaandika, kila mmoja wetu alijiuliza kimoyomoyo, huyu naye katoka wapi?

Hakutoka popote. Jumapili, nyumba ikiwa imetulia, niliiweka tena nikiwa peke yangu, na safari hii nilimtafuta yeye tu. Nikamwona. Yuko bwaloni Sean anapopita na sahani, anamtazama. Yuko pembeni, nyuma ya bega la mtu, sisi tukiwa tumekazana na sura nzuri za mbele. Muda wote alikuwa ndani ya picha. Nakwambia msomaji wangu, nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji.

Hapo ndipo nilipopata hukumu yangu, na ninaitoa mbele yako. Wanaosema "hakuna mtu wa kumpenda humu" wanasema kweli, lakini ni kweli nusu. Alikuwapo mmoja aliyejua kupenda, tukamchunia. Filamu ilitufanya tuwe akina Sean kwa saa nzima na zaidi bila kutuambia. Tulimlaumu yeye kwa kupokea barua na kumpachika mwandishi anayemtaka, na sisi wenyewe tulikuwa tunafanya hivyohivyo kwenye kochi, bisi mkononi.

Sisemi ndiyo maana kila kitu kisamehewe. Kwa habari ya Lauren mwanzoni, mimi niko na rafiki yangu. Ule mzaha haukuhitajika na haujazeeka vizuri. Filamu inayotaka tumwonee uchungu msichana asiyeonekana ingeweza kumwonea uchungu na huyu anayeonekana. Pia kuna la kuuliza: kwa nini kifo cha yule msichana kiwe ndiyo mara ya kwanza tunapewa nafasi ya kumtazama vizuri? Mkongwe wa mitaani angesema wamemtumia. Lakini hata ninaponung'unika, bado ninamfikiria hadi leo. Vichekesho vingapi vya wanachuo vimekufanya umfikirie mgawa chakula?

Barazani

Sasa nirudi kwa wachumba, maana najua ndipo ulipo.

Baada ya lile swali, bwana harusi aliacha kucheka. Alimfuata mwenzake, maana alikuwa ameshageuka kurudi nje. Walikaa muda mrefu. Tulijifanya tunakula. Siku mbili baadaye yule dada alinipigia simu, akanieleza, na wote wawili wameniruhusu niandike bila majina.

Kumbe mwaka uliopita, kijana aliposafiri kikazi kwa wiki tatu, binti aliingiza karatasi kwenye begi lake, katikati ya mashati. Si shairi, si maneno ya kadi za dukani. Alimwandikia kitu ambacho hajawahi kumwambia mtu, kwamba tangu baba yao alipoondoka nyumbani, kila anayempenda akisafiri yeye hapati usingizi hadi arudi. Aliandika, akaweka, akasubiri. Kijana alirudi na zawadi. Karatasi haikutajwa. Yeye naye hakuuliza. Akajisemea labda ilidondoka, labda haikuonekana. Akakaa nalo miezi kumi, huku anachagua rangi ya sare.

Pale barazani ndipo alipouliza. Jibu la kijana lilikuwa: "Niliiona, dia. Niliisoma. Nikasahau kusema."

Nilimuuliza rafiki yangu, sasa wewe ukasemaje? Akasema alitamani jibu liwe kwamba hakuiona.

Msinielewe vibaya, huyu kijana si mtu mbaya. Hauzi dawa, hana bahasha za zambarau, anampenda mchumba wake na mashuhuda tupo. Aliisoma akiwa hotelini, ikamgusa, simu ya kazi ikaingia, siku zikapita, na alipokumbuka aliona aibu kuanza. Wangapi kati yetu tuna karatasi kama hiyo? Ujumbe wa simu uliousoma ukiwa kwenye foleni ukasema nitajibu nikifika. Chakula alichokupikia kwa sababu mara moja ulisema unakipenda. Anayekutumia amejaa ndani ya picha yako, ila wewe unatazama mbele.

Machache ya kubeba

Wewe unayeandika bila jina: weka jina. Najua inatisha. Lakini barua isiyo na jina inamwachia mpokeaji kazi ya kumchagua mwandishi, na kwa kawaida atamchagua yule anayemtaka tayari. Kukataliwa kunauma, ila mtu aliyekukataa angalau amekujua upo. Na kama maumivu ya mapenzi yamekufikisha mahali unaona heri usiwepo, tafadhali usikae nayo peke yako hata usiku mmoja. Mwamshe dada, rafiki, jirani, nenda hospitali. Yule msichana alikuwa kwenye jengo lililojaa watu.

Wewe unayepokea: uliza. Sean angeuliza swali moja tu, pengine hadithi ingekuwa nyingine. Ukipata kitu cha upendo, hata kidogo, sema umekipata. "Nimeona" ni neno fupi na halina gharama.

Na nyinyi mlio wawili tayari: mwishoni mwa filamu Sean anamwambia Lauren anataka kumjua, naye anamjibu kwa uchungu kwamba hakuna anayemjua mwenzake, na yeye hatamjua kamwe. Kisha Sean anapanda pikipiki na filamu inakatika akiwa katikati ya sentensi, kama ilivyo kwenye kitabu. Mtu wa stelingi alidhani sidii imekwaruzika! Mimi sikubaliani na Lauren moja kwa moja. Kumjua mtu wote, labda haiwezekani. Lakini kujua anaogopa nini ukisafiri, hilo linawezekana, hasa kama amekuandikia.

Harusi ipo palepale, kama ulikuwa na wasiwasi. Ila binti ameomba wasogeze kidogo vikao vya kamati ili wapate jioni mbili tatu za kukaa wawili bila daftari la michango. Kijana amekubali. Nasikia ile karatasi alikuwa ameitunza, kwenye mfuko wa begi lilelile. Ameitoa na kuijibu, kwa mkono wake, kurasa mbili. Nimemwomba dada anionyeshe, amenikatalia katakata. Safi sana.

Kesi naiacha kwako, hakimu. Tazama na mwenzako, au na marafiki mnaoheshimiana, kisha mpime: ni filamu chafu au filamu ya kweli? Mnaweza kutofautiana, hakuna ubaya. Ila kabla hamjaanza kupigiana kelele, ulizaneni kwanza kama kuna aliyemwona msichana wa bwaloni. Na pilau mle mapema.

Tukutane mwezi ujao.